Mvua ya Uani kwa Kaltumu

Wifi yangu Kaltumu alikuwa mwanamke wa kupima. Alipima unga, alipima chumvi, alimpima mgeni kwa macho kuanzia kandambili mpaka kilemba, na tangu alipopata kazi ya kufagia na kupika chai katika ofisi ya kilimo hapa Arua, akaanza kupima na mvua. Nasema haya kwa mapenzi. Wifi ni mtu wa kutaniwa, nami nikiwa dada wa mume wake nimemtania kwa haki yangu yote.

Ilikuwa hivi. Nyuma ya ofisi ile kulikuwa na chombo cha shaba kilichozungushiwa seng'enge, na kila asubuhi saa tatu bwana shamba, kijana mmoja aliyeitwa Anguyo, alikwenda kukichungulia, akaandika, akamwaga maji. Kaltumu aliuliza ni nini. Kesho yake akauliza tena. Mara ya tatu Anguyo akaona heri amfundishe ili apate kupumzika. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, akamwambia, lisiwe pana juu na jembamba chini. Lichimbie kidogo ardhini lisianguke. Liweke mahali pa wazi, mbali na paa na mbali na miti, maana tone linalodondoka kutoka kwenye bati au jani litakudanganya. Asubuhi tumbukiza rula, soma, mwaga.

Kaltumu akapata kopo kubwa la maziwa ya unga, akanunua rula ya mwanafunzi, na kuanzia siku hiyo uani kwetu palikuwa na kitu ambacho hata kuku walijifunza kukiogopa.

Msicheke, kopo lile lilitulisha. Zamani bustani yetu ilikuwa ya kubahatisha tu: mvua kubwa ikija inatuoshea udongo mpaka barabarani, jua likiwaka mboga zinalala. Kaltumu alipoanza kupima akajua kwamba maji yakifika unene wa kidole ndani ya kopo, paa letu limetoa zaidi ya pipa zima, na kama yamelowesha kitako tu, bustani bado ina kiu hata kama udongo juu unang'aa. Kaka yangu Umaru, dereva wa lori la tumbaku ambaye nyumbani alikuwa kama mpangaji, alikunja mabati kuwa mifereji na kujenga tangi la saruji lenye bomba. Wifi akachimba mtaro wa kukata mteremko, maji ya uani yakawa yanaishia kwenye migomba badala ya kwenda kwa jirani. Kiangazi alizamisha matuta chini ya usawa wa ardhi, akayafunika nyasi kavu kutoka Aroi, akamwagilia jioni, shinani, kidogo kidogo. Ukimwagilia saa sita mchana alikuuliza kama umeajiriwa na jua.

Tangi nalo lilikuwa na kipimo chake, fimbo ya mwanzi yenye alama zilizochomwa kwa msumari wa moto. Kila Ijumaa jioni aliizamisha, akaitoa, akaitazama palipolowa. Uso wake ukikunjuka, sote tulikula kwa raha.

Aliyemsaidia katika kazi hizi alikuwa Susana. Susana alitoka upande wa Yei, akavuka mpaka akikimbia vita, binti yake Viola mgongoni na furushi moja kichwani. Umaru alimpa chumba kidogo kando ya jiko, naye akashika jembe bila kuambiwa. Kiarabu chao na Kinubi chetu ni ndugu, kwa hiyo hatukusumbuka kuelewana. Ila Kaltumu ni mtoto wa sajini, na akikasirika huhamia kwenye Kiswahili cha kambini. Siku hizo nyumba nzima humjibu kwa lugha hiyohiyo.

Basi mwaka wa sabini na mbili, kwa ajili ya Idi ya kuchinja, mama yangu alikuja kutoka Kuluba alikokuwa akiishi na mdogo wetu, akasema safari hii amekuja kukaa. Kila mtu alimwita Haboba, yaani bibi kwa Kinubi. Macho yake yalikuwa yamefifia, magoti yalilia akiinuka, lakini sala haikumpita, ya faradhi wala ya sunna. Nilifurahi kuwa naye. Kaltumu pia alifurahi, ingawa alianza mara moja kuhesabu ndoo.

Alikuwa na sababu. Kiangazi kile kilikuwa kikali. Bomba la mtaa lilikohoa hewa tu, na mtoni Enyau wanawake walipanga foleni ya madebe tangu alfajiri. Tangi letu ndilo lilikuwa uhai wetu, la kunywa, la kupikia, na yaliyobaki ya miche ya vitunguu na bamia mpaka mvua za Machi zitakapofika.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili nikasikia ukelele uani. Nikatoka mbio nikidhani nyoka. Kaltumu alikuwa amepiga magoti mbele ya kopo, rula mkononi.

"Medina! Mvua! Milimita nne!"

Nilitazama mbingu. Haikuwa na doa. Lakini kweli, ndani ya kopo mlikuwa na maji, na udongo pembeni ulikuwa na unyevu. Kaltumu hakungoja chai. Alikwenda ofisini karibu anakimbia, na jioni akanisimulia jinsi Anguyo alivyomtazama.

"Mama, chombo ya hapa iko kavu kabisa," Anguyo alimwambia.

"Basi chombo ya serikali iko mgonjwa," akamjibu.

Kesho yake maji yalikuwepo tena. Halafu kila asubuhi. Mtaa mzima ukapata kichekesho. Amandu mwenye duka akawa ananiuliza kila nikipita kama wifi yangu anaweza kumkodisha lile wingu dogo kwa siku moja tu. Mvua ya uani kwa Kaltumu, ndivyo walivyoiita. Mwenyewe hakujali. Nadhani kwa siri aliamini kwamba Mungu ameona juhudi yake na kuamua kumpa chochote, na mimi sikuwa na moyo wa kumbishia.

Taabu ilikuja na fimbo ya tangi. Ijumaa ile maji yalikuwa yameshuka kuliko ilivyotakiwa. Ijumaa iliyofuata yalishuka zaidi. Kaltumu alikagua bomba, halikuvuja. Alipapasa saruji yote kwa viganja akitafuta ufa, hakuona. Kisha akakaa kwenye kigoda akapiga hesabu yake, na hapo ndipo hesabu ilipomponza. Ikiwa mvua imenyesha, alisema, tangi lilipaswa kuongezeka. Badala yake linapungua. Maana yake anayeiba anaiba maji ya zamani na maji mapya, na mtu anayebaki nyumbani mchana kutwa, yeye akiwa ofisini na mimi nikiwa sokoni na mboga zangu, ukimwacha Haboba na magoti yake, ni mmoja.

Mama yangu alikuwa amelala chumbani mwake Kaltumu alipomwita Susana.

"Susana, maji nakwenda wapi?"

"Maji natumika, Mama."

"Natumika na nani? Wewe nauza maji ya mimi kwa watu ya soko?"

"Hapana, Mama. Mimi hapana uza."

"Basi nani nachukua?"

Susana alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama vidole vya miguu yake. Kwa mtu kama Kaltumu kimya kile kilikuwa ushahidi tosha.

"Kesho wewe natafuta nyumba ingine."

Niliingilia. Nilimwambia utamtupaje mtu na mtoto barabarani kwa sababu ya vitunguu? Akanijibu kwamba hapo vitunguu havimo, ni wizi, na kwamba mwenye nyumba akiwa safarini mwenye nyumba ni yeye. Nilikasirika hata nikashindwa kula. Na niliogopa. Miezi ile mgeni asiye na paa alikuwa mtu wa kuulizwa maswali na kila mwenye bunduki, na Susana hakuwa na wa kumjibia isipokuwa sisi. Kule kwao vita vilikuwa bado vinawaka. Huko Koboko alikuwa na shemeji, Loku, ambaye hata hakujua kama yuko hai.

Asubuhi ya Jumamosi chumba cha kando ya jiko kilikuwa kimefagiliwa, mkeka umekunjwa vizuri na kuegemezwa ukutani. Susana na Viola hawakuwepo.

Ofisi ilikuwa imefungwa siku hiyo, kwa hiyo Kaltumu hakuamkia kopo kama kawaida; saa tatu ilipofika ndipo alipochukua rula yake na kulifuata, uso umekaza. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa nimeandaa maneno makali. Sikuwahi kuyasema.

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya bustani, gauni limepandishwa mpaka kwenye mashavu ya miguu. Alikuwa amelichomoa lile kopo ardhini, limejaa maji, naye anajimiminia taratibu, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alikuwa anatawadha kwa ajili ya sala ya dhuha, ile sunna ya asubuhi.

"Kuja, Kaltumu," alisema aliposikia nyayo. "Leo mimi nasema na wewe. Kopo hii ya wageni, kwa nini kila siku iko kavu? Mimi najaza, mutu namwaga. Mimi najaza, mutu namwaga. Hii iko nyumba ya Muislamu. Mgeni nakuja, natawadha na nini?"

Kaltumu alisimama na rula yake mkononi.

"Haboba, tangu lini wewe najaza?"

"Tangu siku mimi naona kopo hii. Sala ya alfajiri, na ya mchana wakati nyinyi iko kazi. Na kila mara naacha kidogo chini, ya mutu ingine. Mimi nafundishwa adabu."

Akarudisha kopo kwenye shimo lake, na ndani yake, kwa adabu, alikuwa ameacha milimita zake nne au tano.

Mimi nilianza kucheka. Nilicheka kwa nguvu, nikashika tumbo, maana mvua ya wifi yangu ilikuwa imepatikana. Kaltumu hakucheka. Aliangalia tangi, akaangalia mlango wa kile chumba kidogo ulioachwa wazi.

"Susana," akasema, na rula ikamponyoka.

Sikujua kwamba mwanamke mnene namna ile anaweza kukimbia. Kandambili moja ilibaki kwenye mtaro wake mwenyewe, ya pili akaitupa mbele ya duka la Amandu. Nilimfuata nikihema, nikimwomba Mungu kwa kila jina lake lori la Koboko liwe limepasuka gurudumu, limekosa mafuta, lolote. Likishaondoka tungemtafuta wapi? Koboko siku ya soko mtu hupotea hata akiwa na ndugu, na mbele ya Koboko kuna mipaka miwili.

Lori lilikuwepo sokoni. Wapakiaji walikuwa bado wanabishana juu ya magunia ya chumvi. Juu ya magunia hayo alikaa Susana, Viola mapajani. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti hata watu wakageuka.

"Susana! Shuka!" Kaltumu alipiga kelele kutoka chini.

Susana alitikisa kichwa. Dereva akasema yeye anaondoka, asiyekwenda asimpotezee muda. Basi Kaltumu akashika ubavu wa lori akaanza kupanda. Wanaume wawili walimsukuma kutoka chini, mmoja akiomba radhi kila anaposukuma, mpaka akaporomokea juu ya magunia. Alipopata pumzi alisema mbele ya soko zima, yeye ambaye tangu aolewe kwetu sijamsikia akikiri hata kuunguza chai:

"Mimi nakosa. Wewe hapana mwizi. Maji nachukua Haboba, ya kutawadha. Mimi naona na macho yangu leo."

"Mimi najua, Mama," Susana akasema.

"Wewe najua?"

"Kila siku naona. Bomba iko ngumu, mkono ya yeye hapana nguvu. Mimi nafungua, mimi nafunga."

Kaltumu alimkodolea macho. "Sasa jana mimi nauliza wewe, kwa nini wewe nanyamaza?"

Susana alipanga kanga ya Viola kwanza, kana kwamba swali lingeweza kungoja.

"Mimi nikisema, wewe nakasirika na yeye. Maji ya sala nakuwa vita. Mimi iko na miguu, naweza kwenda. Yeye iko mzee. Yeye nakwenda wapi?"

Kaltumu alijifunika uso kwa ushungi akalia, hadharani, mabega yakitikisika. Hata dereva aliacha kupiga honi. Mimi nilibaki chini nimeshika ubao wa lori. Yule aliyekuwa amelindwa ni mama yangu, aliyenizaa mimi, na aliyemlinda ni mtu ambaye paa lile lilikuwa kila alichokuwa nacho. Nilimpenda Susana tangu zamani, lakini siku hiyo niliona aibu kwamba nilimpenda kidogo.

Walishuka. Kaltumu alimbeba Viola mgongoni mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Mimi nikachukua furushi. Kwa Amandu tulipita tukanunua birika jipya la bati, lenye mdomo mrefu na mpini mwepesi. Amandu akaanza kuuliza habari za wingu, akaona nyuso zetu, akafunga birika kwenye gazeti. Njia nzima nilijisikia mwepesi kama mtu aliyepona homa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya macho, akijaribu kutambua ni akina nani wanaokuja.

"Nyinyi wote nakwenda wapi?" alilalamika. "Mimi naita, nyumba iko kimya. Susana iko wapi?"

Kaltumu alinitazama mimi, nami nikamtazama yeye.

"Mimi iko hapa, Haboba," Susana akasema, akapita katikati yetu na kumshika mkono. "Sisi nakwenda soko, nanunua birika ya wewe."