Mikanda ya Kitenge Kipya

Wiki hii mdogo wangu amenitumia blanketi kwa basi kutoka kwetu Nyololo, nimbadilishie pindo lililochakaa. Nimelitandaza juu ya cherehani, hapa kibandani kwangu Mwanjelwa, na tangu asubuhi sijashona chochote. Nimechoka, ndugu yangu. Mgongo umechoka, macho yamechoka, na blanketi hili limeniongezea.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mama alipokuwa na mimba ya huyo mdogo wangu. Kwetu, mtoto akitarajiwa miezi ya baridi, majirani waliozaa walileta vipande vya vitenge walivyobebea watoto wao, ashonewe blanketi. Bibi alivikata miraba ishirini, akaipanga mkekani. Jikoni moshi wa kuni za miwati ulituwasha macho, viazi vikiiva majivuni, na nje ukungu ulikuwa umeficha hata choo. Mimi nikakabidhiwa mikanda, yaani vitambaa vyembamba vya kuunganisha mraba na mraba, halafu pindo la kuzunguka lote.

"Pima katikati, mama," bibi aliniambia. "Pembeni panavutika, panadanganya."

Nilipima vizuri. Kosa langu lilikuwa jingine. Bibi aliniachia shuka kuukuu la kukata mikanda, nami nikaona halipendezi. Alipokwenda shamba nikachukua kitenge chake kipya, bado kigumu kwa wanga wa dukani, nikakikata. Nilijiona fundi kweli kweli. Aliporudi alikitazama muda mrefu.

"Hiki ulikifua kwanza?"

Nikasema ndiyo.

Blanketi lilipoingia majini, mikanda ikasinyaa. Miraba ilikuwa imefuliwa miaka na miaka, yenyewe ikabaki na ukubwa wake. Lote likakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Bibi hakunipiga. Alikaa mlangoni penye mwanga, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja kwa wembe, na macho yake yalikuwa mabovu.

Mama alijifungua siku ya nne, kazi haijafika nusu. Bibi akamfunika mtoto kwa blanketi lake mwenyewe, na hakuwa na jingine. Majuma mawili ya Juni alilala na vitenge viwili tu, mpaka hili la miraba lilipokamilika. Alfajiri nilimsikia akikohoa huku akipuliza moto, nami nikajivuta ndani ya shuka langu nisimsikie.

Majirani wale karibu wote wamekwisha. Jana niliomba vipande hapa mtaani kwa ajili ya pindo hili, wakanicheka, wakaniambia ninunue blanketi la mtumba. Sikuwalaumu, nani siku hizi anatunza kitenge mpaka kipauke? Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni kwamba bibi alijua nimemdanganya, na kikohozi kile hakikumtoka mpaka mvua zilipoanza. Nilimpa shikamoo kila asubuhi, miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Samahani sikumpa hata moja.