Ncha ya Pili ya Uzi

Katika nyumba ya fundi bomba, keki haikukatwa kwa kisu. Kisu kilikuwepo, tena kikali, lakini marehemu mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, alishakata kauli tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao: kisu huibonda keki laini, uzi huipenya. Siku zote alitembea na kipande cha uzi mweupe alichokizungushia kwenye kifungo cha juu cha blauzi yake. Keki ikishafunguliwa, aliufungua ule uzi, akampa mwenye sherehe ncha moja, yeye akashika ncha ya pili. Wakaukaza juu ya keki, wakaushusha pamoja mpaka chini.

“Taratibu,” alikuwa akisema. “Hatuvuti ng’ombe hapa.”

Na sherehe zenyewe sasa! Kwake yeye kila kitu kilifaa kusherehekewa. Waliwahi kusherehekea mwavuli uliosahauliwa kanisani na kurudishwa mzima. Walisherehekea sare za shule alizozimaliza kabla mwenyewe hajaja kuzidai. Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa bado wanasalimiana nje, alitundika mkoba begani na kutangaza, “Leo tuna jambo.”

“Jambo gani tena?” mumewe aliuliza, akijifanya amechoka.

“Tutalijua tukifika.”

Basi walipitia kwa mwoka mikate, wakanunua keki ndogo ya duara isiyo na pambo lolote, wakaenda nayo hadi bustani ya umma, kwenye benchi lililokatika ubao mmoja mbele ya bwawa la bata. Binti yao mkubwa alibeba sahani. Fundi alibeba chupa ya chai. Hapo ndipo jambo la siku lilipotajwa. Mara moja alisimama mbele ya wanawe na kusema, “Leo tunamsherehekea baba yenu. Juzi ameambiwa pole na kazi, akajibu asante badala ya kuguna.” Watoto walicheka mpaka bata wakahama upande. Fundi naye aliguna, kisha akacheka.

Walikutana kwa sababu ya maji. Bomba lilipasuka kwenye chumba alichoshonea yule mama, alipokuwa bado msichana, na vitambaa vya watu vikaanza kuelea. Fundi alifika mbio na mkoba wake wa spana, akazuia maji, kisha badala ya kwenda zake akabaki kumsaidia kukamua vitambaa. Alikamua kwa nguvu hata gauni moja likachanika. Hakusamehewa gauni lile mpaka siku ya harusi, na hata siku ile lilitajwa kwenye hotuba.

Mwaka huu, kabla ya mvua, mama huyo aliugua kwa muda mfupi tu, Mungu akamchukua.

Waliokuja kumfariji fundi walimwambia kwamba Mungu alimpenda zaidi. Aliitika “Amina,” maana walikuwa wametoka mbali na hawakuwa na neno jingine. Lakini akiwa peke yake, sala yake ilikuwa fupi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kusema, “Mungu, mimi nimekuja kukaa tu. Maneno yote unayo wewe.” Cherehani ilifunikwa kwa kitambaa, uzi ukiwa bado juu yake kama alivyouacha mwenyewe. Jumapili baada ya ibada walirudi nyumbani moja kwa moja.

Binti mkubwa alikuwa sekondari na alijua kulia kimyakimya kama watu wazima. Aliyemtia fundi hofu ni yule mdogo. Huyo aliitwa Kasuku, jina alilopewa na mama yake mdogo, mdogo wa marehemu, kwa kuwa aliamka akizungumza na kulala akizungumza, na katikati alisimama kidogo tu ili ameze chakula. Hata baada ya mazishi hakunyamaza. Aliuliza maswali ambayo mchungaji mwenyewe aliyakwepa. Kisha ghafla, wiki chache zilizopita, akafunga mdomo. Ukimuuliza kitu, alijibu kwa kichwa. Mkate aliulowesha kwenye chai hadi ukawa uji, akala kwa upande mmoja, kiganja kikiwa mdomoni. Mwalimu wake alituma ujumbe: mtoto hasomi tena kwa sauti, nyumbani kuna nini?

Fundi alikwisha kuzika mmoja. Sasa aliiona sauti ya mwanawe ikizama mbele ya macho yake, naye hakuwa na spana ya kuifikia.

Jumamosi moja mchana alirudi mapema kutoka kazini, akamkuta Kasuku amepanda juu ya kigoda mbele ya kioo cha bafuni. Alikuwa akilisukuma jino la mbele kwa kidole, akilirudisha ndani.

“Hebu baba aone.”

Kasuku akaziba mdomo na kutikisa kichwa.

“Silivuti. Naapa. Naangalia tu.”

Alifungua kidogo. Jino la chini lilining’inia kwenye uzi wa nyama, likicheza kama mpini wa bomba uliolegea nati. Fundi alishangaa lilivyodumu hapo.

“Hili lingekuwa limetoka zamani, mama’ngu. Kwa nini unalishikilia?”

Kasuku akazungumza nyuma ya kiganja, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na maneno yakatoka yote pamoja.

“Mama alisema hili likitoka tutaenda bustanini, na mimi ndiye nitashika uzi. Sasa likitoka, nani atashika huku kwingine?”

“Dada yako yupo.”

“Dada ni wa sahani.”

“Na mimi?”

Kasuku alimwonea huruma, ilionekana wazi. “Baba,” alisema polepole, “wewe ni wa chai.”

Akaziba tena mdomo.

Fundi alitoka bafuni akasimama sebuleni mbele ya cherehani. Alinyanyua pembe ya kile kitambaa, akauona uzi mweupe umepita kwenye sindano, tayari kwa kazi. Akakishusha kitambaa pale pale. Binti mkubwa, aliyekuwa amesikia kila kitu kupitia mlango wa bafuni, alivaa ndala. Akaenda dukani, akarudi na kidonge kipya cha uzi na kukiweka mezani karibu na mkate.

Alasiri ile mama mdogo wao, ambaye alikuja kila Jumamosi kuwaangalia, alipofungua mlango wa jikoni alimkuta shemeji yake amezungukwa na makombo.

“Shemeji,” alisema, “huu mkate umekukosea nini?”

“Najifunza kukata kwa uzi.”

“Unajifunza kuunyonga. Dada yangu akikuona saa hii huko aliko, atawaomba malaika wamfunike uso.”

“Badala ya kunicheka, shika huku.”

Alishika. Vidole vya fundi vilizoea chuma. Uzi aliuona kama hewa. Mara ya kwanza aliukaza ukakatika. Mara ya pili akauburuta, ukausaga mkate badala ya kuukata.

“Shusha! Nimesema shusha, si kusugua! Unapiga msumeno?”

“Nashusha!”

“Unashusha wewe au unashuka wewe?”

Kweli alikuwa ameshainama mpaka kidevu kimegusa meza. Akavuta kwa hasira kidogo, mkate ukaruka, ukagonga chupa ya chai, ukaviringika mpaka uvunguni. Fundi alipiga magoti kuufuata. Alipoupata, akainuka kabla ya wakati, kichwa kikalia kwenye meza kama sufuria tupu. Akarudi chini, mkate kifuani, makombo kwenye nyusi.

Mlangoni pakasikika kicheko. Kilikuwa kile kicheko chake cha zamani, cha kukata pumzi na kuanza upya. Kasuku alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, mikono tumboni, mdomo wazi.

Kisha kikakatika. Kitu kidogo kikagonga sakafu.

Binti mkubwa aliinama akaliokota karibu na mguu wa kiti, akaliweka kwenye kiganja cha mdogo wake. Kasuku aliliangalia jino, midomo ikaanza kumtetemeka. Mama mdogo akafungua kinywa aseme neno la kubembeleza, akaona uso wa shemeji yake, akakifunga.

Fundi alikuwa bado amepiga magoti. Maneno aliyajua, kila mtu jikoni mle aliyajua. Yalikuwa ya mtu mwingine, akayatoa kana kwamba anaiba.

“Kesho,” alisema, “kesho tuna jambo.”

Kasuku alipangusa pua kwa mkono.

“Jambo gani?” alinong’ona, na upepo ukapita kwenye pengo.

“Tutalijua tukifika.”

Jumapili fundi alivaa shati lake jeupe na suruali ya ibada. Walipofika kanisani mapema, mchungaji alimshika mkono: “Fundi, Mungu amekuleta. Bomba la uani linatapika.” Akalitengeneza hivyo hivyo, kwa vifaa alivyoazimwa na mlinzi, akanawa, akaingia wakati wimbo wa kwanza umeshaanza. Siku ile kwenye sala alipata maneno machache. Aliomba vidole vyake visitetemeke.

Mwoka mikate alipowaona wanaingia alifuta mikono kwenye aproni. Hakusema pole, alikwisha kuisema msibani. Alirudisha keki iliyokuwa mbele, akaenda ndani kuwatafutia isiyo na ufa. “Hii ndiyo yenu,” alisema.

Benchi lilikuwa wazi, ubao bado haujarudishwa. Dada alishika sahani. Chupa ya chai ilibebwa na mama mdogo, ambaye njia nzima alijisifu kwamba amepandishwa cheo. Kasuku alisimama mbele ya keki, amejinyoosha kama anayesubiri kuimba, akatoa mkono apewe ncha yake.

Fundi alitia mkono mfuko wa shati. Akatia mfuko wa suruali. Akajipapasa mwili mzima, na jasho likamtoka. Uzi alikuwa ameukata jana ile ile, akauzungusha vizuri, akautia kwenye mfuko wa koti la kazi ili asiusahau. Na koti la kazi lilikuwa limetundikwa msumarini, nyumbani.

“Shemeji,” mama mdogo alisema kwa sauti ya chini, “kwenye boksi kuna kisu cha plastiki.”

Mkono wa Kasuku ulianza kurudi. Ulipanda taratibu kuelekea mdomoni, na fundi akauona unavyopanda. Alikuwa ameuona ukipanda hivyo kwa wiki kadhaa.

“Ngoja,” alisema. “Ngoja kwanza. Mimi nina uzi wangu.”

Alitoa kwenye mfuko wa suruali kigurudumu kidogo cha utepe mweupe, ule mwembamba wanaouzungushia mafundi kwenye maungio ya bomba. Kilikuwa kimebaki mfukoni baada ya kazi ya kanisani, naye alipotafuta uzi alikipita tu.

“Hicho nini?” Kasuku aliuliza nyuma ya vidole.

“Huu ndio uzi wa baba. Unazuia maji yasivuje.”

“Unakata keki?”

“Hatujui. Hakuna aliyewahi kuujaribu.”

Wakaukaza. Utepe ukarefuka kama ulimi wa ng’ombe, ukalala juu ya keki bila kufanya lolote. Mama mdogo akageukia bata ili asionekane. Fundi hakubabaika tena, utepe aliujua. Aliukunja mara mbili, akauweka pajani, akausokota kwa kiganja jinsi alivyosokota maisha yake yote, hadi ukawa kamba nyembamba, ngumu. Akampa mwanawe ncha moja. Ncha ya pili akaishika mwenyewe.

“Haya, mwenye jino. Tayari?”

Wakaushusha. Uliingia upande wa Kasuku vizuri kabisa. Upande wa baba ulikwama, akavuta, keki nzima ikasogea pembeni ya sahani.

“Baba!” Kasuku alipiga kelele, mikono yote miwili kwenye utepe, pengo likionekana hadi ng’ambo ya bwawa. “Taratibu! Hatuvuti ng’ombe hapa!”

Dada aliyeshika sahani aliganda. Mama mdogo akakaa kwenye benchi, upande usio na ubao, akacheka huku anafuta machozi kwa upande wa kanga. Fundi hakuthubutu kumwangalia mtu. “Sawa, mama,” alisema. “Taratibu.” Na akaenda taratibu.

Kipande kimoja kilitoka kama tofali, kingine kama ndala iliyochakaa. Walikula vyote. Kasuku aliongea tangu kipande cha kwanza hadi makombo ya mwisho: jinsi mdomo unavyokuwa na chumvi jino likitoka, jinsi mwalimu alivyovaa viatu visivyofanana, kwa nini bata hawalowi. Fundi alimimina chai, maana hiyo nayo ilikuwa kazi yake bado, akashukuru kimoyomoyo kwa sala fupi kama zile nyingine, ila hii ilikuwa na asante ndani yake.

Walipokuwa wakikusanya vyombo, Kasuku aliulamba ule utepe uliosokotwa, akaupangusa kwenye gauni lake, akamwinamisha baba yake na kuuzungushia kwenye kifungo cha juu cha shati lake.

“Usiutoe.”

“Hata nikifua?”

“Ukifua uhamishie kwenye shati jingine.”

Jumatatu asubuhi fundi alikuwa amelala chali chini ya sinki la mteja, spana mkononi, mwenye nyumba, mama wa makamo, akimmulikia tochi.

“Fundi,” yule mama alimwambia, “mbona utepe wa bomba umeufunga shingoni?”

“Ni wa nyumbani, mama. Tuna jambo Jumapili.”

“Hongereni. Jambo gani?”

Fundi alikaza nati, akaipapasa kwa kidole kuona kama bado inavuja. Ilikuwa kavu.

“Bado sijui,” alisema. “Hatujafika.”