Sindano za Fundi Redio

Daktari wetu hakuwa mtu mbaya, naanza na hilo kabla sijamsema. Mama yake, Mhindu mcha Mungu, alimlea kwa fundisho moja: tenda wajibu wako kwa moyo wote, matunda mwachie Mungu. Hakupokea zawadi, wala hakujisifu mgonjwa akipona. Ila pia hakuuliza kilichompata mgonjwa akishatoka mlangoni. Wauguzi tulimwita Bwana Matunda, naye akicheka.

Fundi redio wa mtaa wa pili alikuja na kifua kikuu. Daktari akamwandikia sindano za kila siku kwa miezi miwili. Sindano zile huweza kuharibu masikio, kwa hiyo mgonjwa huulizwa kila wiki kama yanavuma. Daktari aliandika, akaona wajibu wake umekwisha. Kudunga ilikuwa kazi yangu.

Wiki ya tatu, baada ya kudungwa, fundi alivuta suruali juu, akaniambia, "Sista, siku hizi redio zote zinanivumia, hata niliyoizima."

Nilicheka, nikamwita anayefuata. Daktari sikumwambia. Nilijitetea moyoni kwamba angenijibu matunda si yetu.

Kifua kilipona. Masikio yakafa. Mkewe ndiye aliyetuletea habari: majirani wanalalamika, redio dukani zinapiga kelele kutwa na mume wake amezishika mkononi akiuliza kama zimewaka.

Daktari alimweleza mama yake jioni ile. Kesho yake alikuja macho mekundu, akanisimulia alivyojibiwa: "Mwanangu, nilikukataza kudai sifa. Kumjulia hali mgonjwa ndiyo kazi yenyewe. Nani alikuambia kuwa hayo ni matunda?"

Tukaenda dukani pamoja. Daktari alichukua kipande cha karatasi mezani, akaandika, akampa fundi. Fundi alikigeuza juu chini.

"Daktari, mwandiko huu hata duka la dawa wangekurudishia."

Akaandika upya kwa herufi kubwa: SIKUKUULIZA. NISAMEHE.

Fundi aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya daktari, nikijifanya natazama redio za rafuni.

"Yeye hakuniuliza," fundi akasema kwa sauti ya juu mno, kama wasemavyo wasiosikia. "Wewe nilikuambia, sista."

Akanisogezea kalamu.