Neno la Aila

Kazi ya Aila Kettunen katika kiwanja kile kidogo cha ndege, kaskazini mwa Ontario, Kanada, ilikuwa kufunga breki. Aliendesha pikapu kwenye njia ya kutulia ndege akikanyaga breki mara kwa mara, na chombo kando ya usukani kikapima gari limeteleza kiasi gani. Kisha akawapa marubani neno moja redioni: nzuri, wastani, mbaya, au hakuna. Hilo la mwisho halina mzaha. Likitamkwa, hatui mtu. Wenzake walilikwepa, walisema "mbaya" wakamwachia rubani mzigo wake, wakaenda zao kunywa kahawa.

Adhuhuri ile mvua ilikuwa inaganda ikigusa lami tu. Mvua ya namna hiyo haina adabu. Ndege ya wagonjwa ilikuwa inakuja kumchukua baba yake, mzee Toivo, aliyelazwa ndani ya ambulensi getini, moyo umemgoma. Hospitali ilikuwa mbali, na kwa barabara hakuna aliyeamini angefika.

Aila akakanyaga. Gari likaserereka. Mchanga aliomwaga mdogo wake Eino ulikuwa umeshamezwa na barafu. Akarudia, akimwomba Mungu. Wapi!

"Aila, nipe neno," rubani akasema. Alikuwa Renaud, kijana machachari asiyejua kushindwa. "Mafuta yangu ni ya kujaribu mara moja tu."

Eino akadakia kutoka kwenye lori la mchanga. "Dada, sema mbaya. Mbaya inatosha."

Aila alimpenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani. Akabonyeza kitufe cha redio.

"Hakuna," akasema. "Umenisikia, Renaud? Nimesema hakuna."

Mngurumo wa ndege ukapita juu ya mawingu, ukapotea.

Mzee Toivo alikata roho ndani ya ambulensi, njiani kwenda hospitali, mkono wake mkononi mwa Aila.

"Ungesema mbaya, angetua," Eino alimwambia, macho mekundu.

"Angejaribu. Namjua yule. Ndiyo maana sikusema."

Eino hakumsemesha tena dada yake.

Siku ya mazishi watu walikuwa ukumbini mwa kanisa, wakinywa kahawa kwa mkate wa iliki, Renaud alipoingia na mkewe, kichanga chao kifuani. Alisimama mlangoni, hajui aende wapi. Eino akamtazama, akakitazama kile kichanga, kisha akainuka, akavuta viti viwili na kuviweka kando ya dada yake.