Kibati Kilichokumbuka Umbo Lake

Ruksa za kuingiza bidhaa kutoka nje zilipoanza, karakana yetu pale Tanga ilipata mashine ya mtumba ya kukata chuma kwa cheche za umeme. Nilikuwa mwanamke pekee pale, na mashine ile niliitamani hadi aibu. Fundi mkuu, Mpemba mchache wa maneno, alisema nikimaliza kazi moja sawasawa itakuwa yangu kuiendesha. Nikiharibu, nirudi kupiga tupa.

Kazi yenyewe aliileta mwenye kiwanda cha barafu: bamba dogo la nikeli na titani, ambalo ukilikunja likiwa baridi hukunjika, ukilipasha moto hurudi lilivyokuwa. Alitaka kibati cha vali, na bamba lilikuwa moja tu. Msumeno haukuliweza.

Mimi nina pupa. Nilipandisha umeme, nikajaribia pembeni mwa bamba. Cheche zikavuma ndani ya tangi la mafuta ya taa, ambamo chuma hukatwa kikiwa kimezama, na muda si muda kipande kikakatika, nikacheka peke yangu. Kisha nikapitisha ukucha. Ukingo ulioungua ulikwaruza kama ukoko wa wali. Nilipokikunja, ukoko ulipasuka na kipande kikavunjika nao.

Fundi aliangalia, akakirudisha mezani, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Mafuta ndani ya tangi yalikuwa meusi kwa masizi yanayovuruga cheche, na kupata mengine ni foleni ya siku nzima. Basi nikakimbia nyumbani, mtaa wa Mabawa, nikachukua kifumbu cha mama cha kuchujia tui, nikakianika hadi kikauke kabisa, nikakijaza pamba, nikayachuja mafuta mara tatu. Mama alinuna, kifumbu kile hakikurudi jikoni tena.

Safari hii niliteremsha umeme hadi cheche zikawa zinanong'ona. Nilianza asubuhi, nikamaliza alasiri, miguu imevimba. Ukucha uliteleza.

Nilikikunja kibati mbele ya fundi, nikakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto. Kikanyooka! Nilipiga kigelegele mle mle karakanani. Hakikuwa na ufa hata mmoja.

Fundi alikikunja mwenyewe, akakitumbukiza, akarudia tena na tena huku anacheka. Akasema mashine ni yangu. Halafu akatoa penseli sikioni.

"Hebu nambie, umeme uliuweka kiasi gani? Taratibu, nipate kuandika."