Tiketi ya Watu Wawili kwenda Maskati

Niliyoyafanya siku hiyo nimeyaficha karibu mwaka mzima, na wanaoyajua (mke wangu Asya, dereva mmoja wa basi, na wanawake kama sita ambao mpaka leo siwajui majina isipokuwa mmoja) sidhani kama wataniheshimu tena. Nami nikijitazama kwenye kioo namwona mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, mwenye masharubu na cheo kidogo wizarani, aliyemkimbia bibi kizee mchana kweupe huku amevaa kiatu kimoja. Nichekeni, lakini nisikilizeni mpaka mwisho.

Chanzo ni Ujerumani. Tulikwenda kumtibia Asya goti, na mpwa wangu anayesoma huko akatufundisha siri ya treni: usikate tiketi ya safari moja moja, kata tiketi ya siku nzima ya jimbo, unapanda treni za polepole tu, zile za haraka hazikuhusu, lakini ndani ya jimbo lile unazunguka mpaka uchoke, na tiketi moja inabeba watu kadhaa mradi mpande pamoja na mshuke pamoja. Wallahi nilipagawa. Goti la Asya halijapona sawasawa nikampakia treni sita kwa siku moja, tukaona vijiji ambavyo hata mpwa wangu hajavisikia, si kwa kuwa tulivitaka bali kwa kuwa tumeshavilipia. Vituoni watu tusiowajua walikuwa wakituomba tuwaingize kwenye tiketi yetu, na mimi nikiona nafasi iliyobaki imejazwa nalala usingizi mzuri.

Nikarudi Muscat na ugonjwa wangu. Treni ya abiria hatuna, lakini mabasi ya mjini yapo, na siku zile nilipata tiketi ya siku nzima ya watu wawili, masharti yale yale, kupanda pamoja na kushuka pamoja. Gari yangu ilikuwa gereji Wattaya (ni gari ya marehemu babangu, Sleiman, nimeirithi na sijaibadilisha, sababu mnaijua). Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi wa saba nikainunua tiketi ile kwenye simu, mimi na Asya tutoke kwetu Amerat tukaitazame gari, kisha tuzunguke popote tiketi inapofika. Nikazima na intaneti, bando lisiende bure.

Asya alifika kituoni, akaligusa benchi kwa kidole, akakiondoa upesi.

"Khalfan, mie sendi," akasema. "Jua hili, na goti hili, kwa ajili ya tiketi? Nenda na nafsi yako."

Akageuka akarudi nyumbani, nami nikabaki na tiketi ya watu wawili na mtu mmoja, jambo ambalo siwezi kulivumilia. Ndipo nilipotazama pembeni nikamwona bibi mmoja amekaa mwisho wa benchi, na naapa kwamba tulipofika benchi lile lilikuwa tupu. Alivaa buibui, chini yake imechungulia kanga ya zamani, mguu wa kulia ndara ya kijani, wa kushoto kandambili nyeusi ya kiume. Alikuwa akinitazama bila kupepesa macho.

"Sleiman," akasema. "Umechelewa."

Babangu tulimzika miaka minne iliyopita. Mimi mwenyewe niliingia kaburini kumpokea.

Sasa hapo mtu wa kwingine angesema, samahani bibi, umenifananisha. Sisi hatusemi hivyo. Sisi watu wa Unguja tulioko Muscat, mzee akikujua nawe humjui, kosa ni lako. Humuulizi jina, maana ukiuliza, kabla ya magharibi ukoo mzima utasikia kwamba mtoto wa fulani ameingia kiburi hata watu wake hawajui. Unachofanya ni kumbusu mkono, kuitikia kila analosema, na kuomba Mungu jina lijitokeze lenyewe katika mazungumzo. Tena mimi na babangu ni sura moja, kila mtu husema hivyo, nikajiambia huyu macho yamemchoka tu. Nikaubusu mkono. Ulikuwa wa baridi kabisa, katika joto lile ambalo hata kitasa cha mlango kilikuwa hakishikiki.

"Nimechelewa, Bi mkubwa, nisamehe," nikasema. "Twende, nnayo tiketi ya watu wawili."

Akasimama pale pale, hakuuliza tunakwenda wapi. Na mimi (huu ndio ukweli, na unaniuma kuusema) sikufikiria ule mkono wala lile jina. Nilifikiria kwamba nafasi imejazwa.

Ndani ya basi, barabara ikipita kati ya ile milima mikavu, akanisogelea.

"Kovu la mguu limepona?"

Mimi sina kovu mguuni. Babangu alikuwa nalo, la utotoni, alianguka kwenye mpera wa jirani huko Unguja, na hakupenda kulionyesha.

"Limepona, Bi mkubwa."

"Na mama bado amekununia?"

Mama wa babangu alifariki kabla sijazaliwa. Nikasema, "Kidogo." Nilijisikia vibaya kuitikia kwa niaba ya maiti, lakini nilishaanza, na mtu akishaanza kujifanya anajua, kila kituo kinachopita kinazidi kumfungia njia ya kurudi.

Wattaya tukashuka pamoja, kama masharti yanavyotaka. Gereji ilikuwa wazi ila kimya, mafundi wengine wamekwenda kula, amebaki mmoja tu. Nikamwambia bibi akae kwenye kiti kivulini, nikaenda kuzungumza na fundi, kila dakika mbili namwambia bibi kwa sauti, "Sichelewi, Bi mkubwa, nakuja," mpaka fundi akaacha kazi akaniuliza nasema na nani.

"Na yule bibi niliyekuja naye."

"Umekuja peke yako," fundi akasema.

Nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Tukatafuta nyuma ya matairi, tukatafuta barabarani, hapana mtu, na jasho likaanza kunitoka la aina nyingine. Mwisho nikamkuta. Katika magari kama ishirini yaliyojazana mle uani alikuwa amekaa ndani ya gari yangu, kiti cha nyuma, mlango ameufunga, mikono mapajani.

"Kiti hiki siku zote kinaniumiza mgongo," akasema. "Nlikwambia ukishone."

Sikuwa nimemwonyesha gari. Sikuwa hata nimemwambia kwamba nina gari. Mtu mwenye akili zake hapo angeita teksi, akauliza kwa watu, akawasha hata hiyo intaneti. Lakini ilikuwa ndiyo kwanza saa sita, tiketi ina nusu siku nzima mbele, na basi la Maskati yenyewe, ule mji mkongwe, lilikuwa limesimama kituoni. Maskati sikuwa na shida nako hata kidogo. Kulikuwa ndani ya tiketi, basi.

Tulikuwa abiria watatu, kisha mmoja akashuka, tukabaki mimi na yeye. Nje vumbi jembamba limetanda, bahari huioni vizuri wala mlima huuoni vizuri. Halafu akasema polepole, bila kunitazama:

"Siku ile walokuzika nlikuja. Wakanambia wameshakutoa. Nikawambia Sleiman hafi bila ya kuniaga."

Nikageukia dirishani.

Mnaijua Maskati ya siku ya Jumamosi, wizara zimefungwa, wakaao humo ni wachache, na mchana wa mwezi wa saba hao wachache wako ndani. Tukashuka. Basi likaenda kugeuza, na pale kituoni pakawa hapana mtu, hapana gari, hapana hata paka. Kuta nyeupe na madirisha yaliyofungwa, na sauti ya mashine za baridi zikinguruma nyuma ya kuta ambazo humwoni mtu ndani yake. Yule bibi akanishika kifundo cha mkono kwa vile vidole vyake vya baridi.

"Haya, Sleiman. Twende kwangu sasa."

"Kwako wapi, Bi mkubwa?"

Akanyoosha kidole kwenye mlima. Nikafuata kidole kile kwa macho. Chini ya mlima palikuwa na makaburi, na zaidi ya makaburi hapakuwa na kitu.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka nimejichopoa na nakimbia, kiatu kimoja kimebaki nyuma, kofia imeanguka, kanzu nimeikunja mpaka magotini, na nyuma yangu naisikia sauti yake, si kali, ya mtu anayeshangaa tu, "Sleiman! Sleiman! Wanwacha?" Basi lilikuwa linarudi. Nikalisimamisha kwa mikono miwili katikati ya barabara. Ndani walikuwemo wanawake wa Kiganda waliopandia kule lilikogeuzia, wakitoka matembezini, wakacheka kuniona, halafu wakaacha kucheka. Dereva alitazama tiketi yangu akaniuliza kwa Kiarabu, wa pili yuko wapi, hii ni ya watu wawili.

"Hakuna wa pili!" nikapiga kelele. "Funga mlango! Yule si mtu, yule ni jini!" Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti, na kwa jinsi nilivyochanganyikiwa, baadaye nikaambiwa kwamba nilichokuwa nasoma, mara tatu, ni dua ya kula.

Msichana mmoja alikuwa ameegemea dirisha. Baadaye nilimjua kwa jina la Prossy, anafanya kazi za nyumbani mitaa hiyo hiyo. Akasema, "Mzee, huyo mama ameanguka."

"Usimtazame!"

"Wewe uko na akili? Huyo ni mama ya mtu! Jini gani inaangushwa na jua?" Akamwambia dereva, "Yalla, fungua!" akashuka mbio juani, na wenzake wote nyuma yake.

Mimi nilibaki nimekaa. Sehemu hii Asya ndiyo haisamehi. Wanawake sita wasiomjua walikuwa nje wamemwekea kivuli kwa mitandio yao, mmoja anammwagia maji kichwani, na mimi niliyemleta nimeshikilia bomba la kiti mpaka dereva aliponiambia, ama unashuka mwenyewe au nakushusha. Nikashuka. Mkononi kwake, mkono ule ule nilioubusu, kulikuwa na bangili ya chuma iliyochorwa jina, Rukia, na namba ya simu, na chini yake neno moja la Kiarabu kwamba husahau. Ndani ya buibui walimkuta na chupa ya maji iliyogandishwa, kipande cha barafu bado kimo, alikuwa ameikumbatia tangu asubuhi. Ndiyo baridi iliyonitisha, na daktari alisema pengine ndiyo iliyomwokoa.

Prossy akapiga ile namba. Akaja mwanawe, Badar, mtu wa rika langu, na gari ya wagonjwa ikafika karibu pamoja naye. Alinitazama usoni, akanitazama mguu mtupu.

"Wewe si mtoto wa marehemu Mjomba Sleiman?" akasema. "Tokea saa mbili asubuhi tunamtafuta, tumeeneza picha makundi yote. Hukuona?"

Nilikuwa nimezima intaneti.

"Mamangu na babako walinyonya ziwa moja. Huyu shangazi yako."

Hapo nikajua. Babangu alikuwa kila mwezi akienda mkoani, mbali na Muscat, kumtazama dadake wa kunyonya, ndiyo safari za gari ile ile, na mimi mara zote nilikuwa na kazi. Alipokuwa mgonjwa aliniambia, "Rukia usimwache." Nikasema sawa. Halafu nikahesabu mwendo na petroli, nikasema mwezi ujao, na ikapita miezi mpaka miaka, na kumbe mwanawe amemhamishia Amerat, mitaa mitatu na kwangu, na pale Maskati chini ya mlima ndipo ilipokuwa nyumba aliyofikia alipotoka Unguja, imebomolewa zamani. Nililia pale barabarani mbele ya wale wasichana, na sikuona haya ya kulia, haya yangu ilikuwa nyingine.

Alilazwa siku tisa. Kila siku nilikwenda kukaa ukumbini, na kila simu ya Badar ikilia nilisimama. Akatoka, alhamdulillahi, mnyonge ila hai.

Sijanunua tena tiketi ya watu wawili, wala sitanunua, hata wakiigawa bure. Gari nimeitengeneza, kiti cha nyuma nimekishona, intaneti yangu haizimwi, na kila Jumamosi nakwenda kumchukua Shangazi tukazunguke mpaka atakapochoka yeye. Mara nyingi hanijui. Amesahau majina ya wajukuu, amesahau kama amekula, siku ile ya Maskati tu ndiyo haikumtoka. Akiingia garini huniuliza mimi ni nani, nami humwambia, Khalfan, mtoto wa Sleiman.

"Babako alinkimbia," husema. "Aliniacha juani, Maskati. Ndugu yangu mwenyewe."

Wageni wote amewaeleza. Babangu, ambaye hakukosa mwezi hata mmoja.

Mimi humshika mkono nikamwambia, "Si yeye, Shangazi. Ni mie. Mie ndo nlokuacha."

Naye hunipapasa shavu, akatikisa kichwa.

"Mtoto mwema wewe," husema. "Unamstiri babako."