Nilisema "yoyote tu" siku ya kuchagua anime ya msimu, binamu yangu akanyamaza makusudi

Wakuu habari za saa hizi, wa pwani na wa bara, wenye bando na mnaosomea kwa hotspot ya jirani.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu. Majina nimebadilisha yote isipokuwa la Saidi. Saidi ni binamu yangu na nataka ajulikane.

Mimi ni mwanamke, niko Tanga mjini, Raskazone, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba. Humu niiteni Mwanaidi. Anime naangalia tangu niko sekondari. Wale mtakaokuja na "dada mzima unaangalia katuni" piteni kushoto, uzi si wenu.

Sasa sikilizeni.

Sisi tuko wanne. Mimi, Rehema rafiki yangu wa tangu madrasa, Saidi huyo binamu, na Marwa, mwalimu wa hesabu, Mkurya wa Tarime aliyepangiwa shule huku akapapenda hataki kuondoka. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakutana sebuleni kwetu, maana ndiko iliko TV kubwa ya baba. Tunatazama series moja kwa pamoja, kila wiki episode yake, mpaka msimu uishe. Hizo nyingine kila mtu ajitazamie kwenye simu, kwake.

Series moja tu. Kwa hiyo kuchagua ni vita.

Msimu mpya ukikaribia kila mtu analeta trailer ya anayoitaka, tunazitazama zote, tunapiga kura. Mwenye nyumba ndiye wa mwisho kusema. Hilo hatukuandikiana popote, ni adabu tu, huwezi kuwatangulia wageni wako.

Na anime za siku hizi mnazijua. Nusu yake ni jamaa kagongwa na lori, kazaliwa upya dunia nyingine. Msimu ule kulikuwa na mmoja kazaliwa upya akawa birika. Birika wakuu! Rehema ndiye aliyeileta na akaitetea kwa macho makavu.

Saidi alileta ya mapanga. Kijana anawinda majini milimani, damu inaruka mpaka inafunika subtitle. Marwa alileta ya mpira wa wavu.

Mimi nilikuwa na yangu, na hapa ndipo nilipoumia.

Baba alifariki, mama akakaa eda. Eda ikaisha, dua ikasomwa, lakini mama mwenyewe hakutoka. Yaani anatoka kwenda jikoni, anatoka kwenda kutia udhu, anarudi chumbani. Wageni wakija anawaitikia nyuma ya pazia. Huyu ni mama ambaye kwenye harusi kigelegele chake kilikuwa kinasikika mtaa wa pili.

Wakati wa eda nilikuwa nakaa naye, natazama kwenye simu anime moja ya taratibu. Mjane wa mji mdogo wa bandari, huko Japani, anafungua tena kibanda cha supu cha marehemu mumewe. Mama akaniuliza, "Huyo bibie analia nini?" Nikawa namsomea subtitle kwa Kiswahili. Siku mjane alipomfukuza mteja kwa upawa kwa kumwambia supu haina chumvi, mama akacheka. Akacheka mpaka akashika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Msimu ule, ya supu ilikuwa inarudi na sehemu ya pili.

Nikajiambia, ikichaguliwa ya Jumamosi, mama ataisikia sauti ya yule mjane sebuleni na atakuja kukaa na watu. Hapo sikuwa natafuta anime. Nilikuwa namtafuta mama yangu.

Wenzangu sikuwaambia. Mambo ya chumbani kwa mama siyo ya kuanika mbele ya watu.

Siku ya kuchagua ikafika. Nimepika mkate wa kumimina, nimechemsha chai ya tangawizi. Trailer zikaonyeshwa zote, na ya supu nikaiweka mwisho, kimya kimya, bila kusema ndiyo niitakayo. Saidi akasema mapanga. Rehema akasema birika, halafu simu ya mchumba wake ikaita akatoka nayo barazani.

Marwa akasema, "Mimi ya wavu naiondoa. Nitamfuata Mwanaidi, yeye ndiye mwenye nyumba. Mwanaidi, unataka ipi?"

Mmeona? Ushindi ulikuwa mkononi kwangu.

Nikasema, "Aa, mie yoyote tu. Chagueni nyie wageni."

Wa bara niwaeleze, msinishangae. Kwetu ukikaribishwa chakula husemi ndiyo papo hapo, utaonekana mlafi. Unasema nimeshiba. Mwenyeji anakwambia onja kidogo. Unasema ahsante, wallahi nimetoka kula. Anakushika mkono anakukalisha, unanawa, unakula mpaka unakwangua sahani. Kila mtu anajua njaa unayo. Ule wa kwanza siyo jibu, ni kubisha hodi.

Basi nami nilikuwa nimebisha hodi. Nilikuwa nangoja nibembelezwe hata mara moja tu, nitaje ya supu.

Marwa akasema, "Sawa. Kama ni yoyote, tuchukue ya Saidi." Akapiga kofi moja kama anafunga kikao.

Marwa simlaumu sana. Kwao mtu akisema hapana unamwacha, ukimuuliza tena unamdharau.

Lakini Saidi!

Saidi kazaliwa Pangani. Kalelewa na bibi yule yule aliyenilea mimi, bibi ambaye alikuwa hanywi hata maji kwa watu mpaka abembelezwe akasirike. Saidi alijua. Nilimtazama, akanitazama, akachukua kipande cha mkate, mkate wangu, akakitia mdomoni. Akatafuna taratibu na hakusema neno.

Rehema alivyorudi kutoka barazani mambo yameshaisha.

Najua kuna mtu ataandika "si ungesema tu dada". Ndugu yangu, na wewe ungenyanyua mdomo kuwapindua wageni waliokwisha kubaliana, sebuleni kwako, sinia la chai mkononi? Sikuweza. Nilicheka, nikamimina chai. Ndani nilikuwa naungua.

Jumamosi ya kwanza ya mapanga nilipita mlangoni kwa mama. "Mama, njoo utazame."

"Tazameni nyie wanangu, mie nimechoka."

Nikarudisha mlango, nikaenda kukaa. Kwenye TV watu wanapiga kelele, vichwa vinaruka, Saidi anashangilia kama yuko uwanjani. Sikuona kitu. Nilikusanya vikombe nikaenda jikoni, na yeye akanifuata. Mnajua alifuata nini? Chai nyingine.

Hapo nikalipuka.

"Saidi, wewe ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ulijua nina yangu."

"Da Mwana, si ulisema mwenyewe yoyote?"

"Saidi! Mimi na wewe tumelelewa na nani? Mara ngapi tumefinywa kwa kupokea kitu cha watu mara ya kwanza?"

Akacheka. Wallahi alicheka. "Ya supu inalaza watu, dada yangu."

"Ilimchekesha mama!" Nikalibwaga sinia mezani. "Nilitaka mama atoke mle ndani, we mtu! Atakaa na ukuta mpaka lini?"

Kicheko kikamkatika. Na nilipogeuka, Marwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Kasikia yote.

"Kwa hiyo ulivyosema yoyote, ulikuwa na yako?"

"Ndiyo!"

"Na ilitakiwa nikuulize tena?"

"Ndiyo!"

"Mara ngapi?"

"Mpaka niseme, Marwa! Siyo hesabu hiyo!"

Akaweka kikombe chini. "Basi turudie kura."

"Sitaki."

"Nakuuliza tena. Turudie kura?"

"Nimesema sitaki!"

"Mwanaidi, turudie..."

"Toka jikoni kwangu!"

Rehema huko sebuleni anacheka mpaka anakohoa. Ile sitaki yangu ilikuwa ya kweli, nisingepokea ushindi wa kuhurumiwa. Maskini Marwa tofauti hakuijua. Aliondoka ameduwaa kama kafeli mtihani.

Jumamosi iliyofuata akaja mapema. Hakukaa. Akaenda moja kwa moja ukumbini, akasimama mbali kidogo na pazia la mama, akakohoa.

"Shikamoo mama."

"Marhaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, karibu tutazame."

"Tazameni nyie wanangu, mie nimechoka."

Nikajua yameisha. Hayakuisha.

"Mama, njoo."

"Aa, n'tawasumbua na maswali, na hiyo lugha siijui."

"Saidi atakusomea. Njoo mama."

"Na hizi nguo nilizovaa, baba..."

"Badilisha, tutasubiri. Hatuwashi TV mpaka uje."

Wakuu, nilipanda jazba. Mjane anasumbuliwa mlangoni kwake na mtu wa Tarime kama anadaiwa! Nikainuka nimzuie. Rehema, naye alikuwa ameshafika, akanivuta kanga, akaninong'oneza, "Kaa chini."

Halafu nikasikia mlango wa kabati.

Mama akatoka. Kajifunga kanga mpya, kajitanda vizuri, kanukia udi. Hakukaa kwenye kochi, alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Akasema, "Haya, washeni. Msinitazame mie."

Saidi akasomeshwa subtitle mpaka sauti ikamkauka. Kila akivuta pumzi mama anauliza. "Huyo kijana hana mama? Mbona yuko baridini na shati moja?" "Huyo jini naye kakosewa nini?" Damu ikiruka anafumba macho, halafu anauliza kafa nani. Akacheka. Mimi nilijifanya naangalia vikombe.

Episode ilipoisha Rehema akamkatia mkate. Mama akasema ameshiba. Rehema akambembeleza, akapokea. Akakaa anaukatakata ule mkate bila kuula, akasema taratibu tu, wala hakuwa analalamika:

"Baba yenu alikuwa akinambia njoo, namwambia aa. Ananambia njoo, namwambia aa. Mpaka nakwenda. Tangu aondoke, watu wananambia njoo mara moja, wanarudisha mlango."



Wakuu, ule mlango ulikuwa unarudishwa na mimi.

Ndugu nao, majirani nao, wote tulikuwa tunasema tumwache apumzike, tunamheshimu. Na mimi ndiye niliyebwaga sinia kwa hasira kwa sababu sikuulizwa mara ya pili kuhusu anime. Nilitaka kumshukuru Marwa nikashindwa, nilikuwa na hasira naye vilevile. Kwa nini awe yeye? Kwa nini aliyekuja juzi ndiye afanye kwa ujinga wake kitu ambacho sisi tunakijua tangu tunanyonya?

Na Saidi, bila haya, sasa anatangaza mtaani kwamba mapanga yake ndiyo yamemtoa mama ndani. Siyo mapanga, Saidi! Ile ya supu nilimwonyesha mama kwenye simu baadaye, akatazama kidogo akasema huyu bibie siku hizi ananung'unika sana. Nikazima.

Juzi tumechagua ya msimu mpya. Mimi nimejifunza, nikasema wa kwanza, mara moja, bila kubisha hodi: nataka ile ya duka la cherehani. Nikaona hata Rehema kashtuka. Rehema akasema yuko na mimi. Saidi, mapanga, sehemu ya pili. Marwa, mapanga.

Marwa akamgeukia mama, nikaona kabisa anajiandaa kumbembeleza. Hakumaliza hata kulitaja jina lake.

"Mie mapanga," mama akasema. "Na asome Saidi."

Nimeshindwa tena. Nyumbani kwangu, mkate nimepika mimi, na kura iliyoniua ni ya mama yangu mzazi.

Nilichojifunza? Kama una lako, litamke, wenzako wengine hawana muda wa kukubembeleza na wengine wanajua wanatafuna tu. Ila kama una mtu wako nyuma ya pazia anakwambia ameshiba, amechoka, endeleeni nyie, usimwamini upesi hivyo. Rudi umwambie tena leo hii, uzi huu utaukuta.

Tiririkeni hapa chini. Wa pwani, nani mwingine adabu imemponza? Na mnaofuatilia msimu huu, ya duka la cherehani kuna anayeitazama, au nitaitazama peke yangu?

Saidi, najua unasoma humu. Jumamosi uje mapema, mama anasema wiki iliyopita uliruka mistari.